Semeni na Itifaki ya Sawasawa

Kimya kingi kina mshahara mkuu. Wahenga wa nchi nyingine walidai kwamba kina mshindo mkuu, lakini hao hawakuwahi kuajiriwa serikalini. Katika Jamhuri ya Sawasawa, ambako mambo yote ni sawasawa na yasiyo sawasawa hayaruhusiwi kutokea, mtu hupanda cheo kwa yale aliyoyaona akayanyamazia. Karani ameona kidogo. Mkurugenzi ameona mengi. Waziri ameona kila kitu, ndiyo maana hafungui mdomo ila kwa kusoma alichoandikiwa.

Basi watu walishangaa kidogo nchi hiyo hiyo ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Kukuza Sauti na Mawazo ya Wanafunzi. Wageni kutoka nje walikuwa wamekuja, wakauliza kama vijana wa Sawasawa wanaruhusiwa kusema. Serikali ikajibu kwamba si kuruhusiwa tu, watalazimishwa. Wizara ya Utulivu ikaongezewa neno, ikawa Wizara ya Sauti na Utulivu, chini ya Mheshimiwa Daktari Longino Kipepe, aliyepata udaktari wake katika chuo kikuu alichokizindua mwenyewe, asubuhi akikata utepe na mchana akihitimu.

Mwaka wa pili, mpango ulipofika Sekondari ya Wasichana ya Nuru Njema, mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa alikuwa Semeni Chilumba wa kidato cha nne. Jina lake halikutoka hewani. Mama yake alipokuwa na mimba, majirani walimsengenya mpaka wakakaukiwa mate, naye alipojifungua akamwita mtoto Semeni, yaani haya, semeni sasa nisikie. Mtoto aliyezaliwa kuwa jibu hakosi ulimi. Semeni alikuwa nao, mwembamba na mkali kama wembe uliotoka kwenye karatasi yake, na walimu walimwandikisha upesi wakitumaini kwamba mafunzo yangeufundisha ulimi huo kulala.

Yeye alikuwa na sababu yake ya kukubali, na sababu hiyo ilikuwa mlango.

Bweni lao liliitwa Amani. Lilikuwa na madirisha ya nondo ili wezi wasiingie, na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli kwa nje ili wasichana wasitoke. Ufunguo ulikaa na mlinzi. Alfajiri moja ya mwezi uliopita, kabla ya kengele ya kuamka, waya wa taa ulitema cheche juu ya godoro, na mlinzi alikuwa harusini kijiji cha pili, yeye na ufunguo wake. Wasichana walipiga mayowe kwenye nondo mpaka wakulima waliokuwa wakielekea shambani wakaja na mashoka. Anzameni, aliyelala kitanda cha jirani na Semeni, ndiye aliyelikamata godoro lile kwa mikono akalibana pembeni, wenzake wapite kwenda mlangoni kungoja kufunguliwa. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye godoro.

Kwa bahati mbaya hakufa mtu. Haya si maneno ya ukatili, ni ya utawala tu, kwa kuwa Sawasawa haiundi tume bila maiti. Wizara ilitoa taarifa kwamba shuleni Nuru Njema kulitokea joto la ghafla, na kwamba joto hilo limedhibitiwa. Kisha ikachukua hatua. Kufuli la zamani lilikuwa limevunjwa na mashoka, hivyo likaletwa jipya, kubwa kama kichwa cha mtoto, la chuma kisichosikia shoka.

Semeni alitaka kumwambia Waziri jambo moja: kufuli litolewe. Barua za kwenda kwa Waziri zilipitia kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Ponsiano, naye alizitumia kuwashia jiko la mkaa. Lakini Waziri angekuja mwenyewe kusikiliza fainali za mashindano ya kusema. Angekaa mbele, amefunikwa kwa maua, na kwa dakika tano angelazimika kumtazama mwanafunzi.

*

Mwezeshaji aliyeletwa na wizara aliitwa Ndugu Ladislausi Shuwa. Alivaa suti ya vipande vitatu katika joto lisilo la ghafla, na kila alipomtaja Waziri alijifuta paji la uso kwa kitambaa, kama mtu aliyetoka kusali.

"Hotuba njema," aliwaambia wasichana siku ya kwanza, "ni kama suti. Watu waitazame, wasiulize ndani kuna nani."

Semeni akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wazo?"

"Wazo gani?"

"La kusema."

"Wazo huletwa, binti. Wizara ina idara nzima ya mawazo, ina madereva wake. Kazi yako wewe ni kulikuza."

"Tunalikuzaje?"

"Kwa kipaza sauti."

Mawazo yalikuja kweli, kila moja ndani ya bahasha. Msichana mmoja akapata "Umuhimu wa Kuwa na Umuhimu." Mwingine akapata "Jua ni Neema, na Mvua Nayo." Semeni, ambaye ulimi wake ulikuwa umetangulia kufika wizarani, akapewa "Bweni Letu, Fahari Yetu." Alipoifungua bahasha alicheka peke yake mpaka Ndugu Shuwa akamwuliza kama anaumwa.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kina. Walifundishwa kuinama bila kuonyesha kisogo. Walifundishwa kutabasamu wakati wa kuvuta pumzi. Walifundishwa kutoa sauti tumboni badala ya kooni, maana umeme wa Sawasawa unajulikana, na kipaza sauti kikizimika katikati ya jina la mkubwa, msemaji aliyefunzwa lazima asikike mpaka getini. Lakini sehemu kubwa ya mafunzo, tuseme yote, ilikuwa itifaki.

Itifaki ni ile salamu ya wakubwa ukumbini, kila mmoja kwa cheo chake, kuanzia aliye juu kushuka. Sawasawa ilikuwa imeikamilisha. Ilianza na Mheshimiwa Waziri, ikashuka kwa naibu wake, makatibu, wakuu wa vyombo na wakuu wa vyombo vya vyombo, ikapitia mke wa mheshimiwa na mheshimiwa mke, viongozi wa dini, viongozi wa vyama, wazee maarufu, wazee wanaotarajia kuwa maarufu, wawakilishi wa waliotuma wawakilishi, ndipo ikamalizikia kwa mabibi na mabwana, ambao kufikia hapo walikuwa wamesinzia. Anayemruka mtu huanza upya.

"Bingwa wa mwaka jana," alisimulia Ndugu Shuwa, akijifuta, "alisoma itifaki yote bila kukosea, na alipotamka neno bwana la mwisho, kengele ya dakika tano ikalia. Hakugusa mada. Hakuigusa kabisa, watoto wangu. Majaji walitoa machozi."

Semeni alipiga hesabu yake kimyakimya. Dakika tano wanazompa, itifaki inazila zote. Walikuwa wamempa mdomo, halafu wakaujaza pamba kabla hajaufungua.

*

Siku zikaenda, ikafika siku ya kisima. Waziri alikuwa akizindua kisima wilaya ya jirani, na wanafunzi wote wa mpango walikusanywa chini ya redio ya shule ili wajifunze kutoka kwa aliye bora. Waliohudhuria wanasema kulikuwa na pilau nyuma ya jukwaa, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka huko. Mheshimiwa Kipepe alipanda, akaitazama karatasi yake ya itifaki iliyokunjwa mara nyingi kama shuka la hospitali, akavuta pumzi, akavuta na pilau.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Kisima kimezinduliwa. Asanteni."

Redioni zikasikika sahani.

Ndugu Shuwa alibaki amesimama, kitambaa mkononi. Hakuwa amewahi kusikia kitu kama kile. Sheria zilitaka wakubwa watajwe wote, na mkubwa wao alikuwa amewafagia kwa maneno mawili. Mtu mwingine angesema Waziri amekosea, lakini Ndugu Shuwa hakufika alipofika kwa kusema mambo ya namna hiyo.

"Mmesikia?" aliwauliza wasichana. "Huo ndio ufasaha. Kuanzia leo, neno la Mheshimiwa ni sarufi. Alilolitamka Mheshimiwa, mwanafunzi ana ruhusa kulitamka, na atakayemzuia atajieleza."

"Neno lolote, mwalimu?" aliuliza Semeni.

"Lolote."

"Hata likiwa fupi?"

"Binti, neno la mkubwa halina ufupi."

Akaagiza amri hiyo ipigwe chapa na kubandikwa kila darasa, kwa sababu alitaka Waziri asikie kwamba ilibandikwa. Alisahau kwamba wanafunzi nao wanajua kusoma, kosa ambalo watumishi wa Sawasawa hulifanya mara kwa mara, kwa kuwa wao wenyewe waliacha zamani.

*

Mchana wa siku moja kabla ya fainali, Semeni alikuwa uwanjani akimsuka Anzameni. Tangu siku ya moto Anzameni hakuweza kujisuka, kushika kalamu wala kufunga kifungo, na wenzake walipokezana kumfanyia.

"Unavuta, shoga," alisema Anzameni. "Mikono imeungua, kichwa bado nakitumia."

"Tulia basi."

"Ni kweli unataka kulisema?"

"Nimekwambia."

"Watakufukuza. Mtihani ndio huo, hata haujafika."

"Wewe huo mtihani utauandika kwa nini, kwa vidole vya miguu?"

Anzameni akacheka. "Watanipa mtu wa kuniandikia. Mkuu kasema nitaandikiwa na mlinzi."

"Yule yule?"

"Yule yule. Kasema mlinzi ana mwandiko mzuri."

Semeni alisuka mstari mzima mpaka kisogoni. Anzameni ndiye aliyeongea tena, taratibu. "Mimi sikuombi ufukuzwe kwa ajili yangu. Ukitetemeka pale mbele ukaimba hiyo fahari yetu yao, nitakupigia makofi kwa viwiko. Lakini shoga, ukilisema, liseme lote. Usiseme nusu halafu ukageuza shingo. Nusu yake ndiyo ile wanayoiita joto."

*

Ukumbi ulijaa. Wakubwa walikaa kwa mpangilio wa itifaki, na maji ya chupa yalipangwa mbele yao kwa mpangilio huo huo, kubwa kwa wakubwa. Mheshimiwa Kipepe alifunikwa kwa shada mpaka yakabaki macho na miwani. Mwalimu Ponsiano alikuwa pembeni akihesabu tabasamu za Waziri.

Msichana wa kwanza alisoma itifaki, akafikia wazee maarufu kengele ikalia. Makofi. Wa pili alimruka naibu katibu mmoja, akaanza upya, kengele ikalia akiwa bado kwenye vyombo. Makofi ya wastani. Ndipo likatajwa jina la Semeni Chilumba na wazo lake, "Bweni Letu, Fahari Yetu."

Semeni alipanda, akainama bila kuonyesha kisogo, akatabasamu akivuta pumzi.

"Itifaki imezingatiwa," alisema.

Majaji walitazamana. Mwenye kengele aliitazama saa, akaitazama tena, kwa maana haijapata kutokea mwanafunzi akabakiwa na dakika. Ndugu Shuwa alinyanyuka nusu, akakumbuka ile amri iliyobandikwa kila darasa kwa sahihi yake, akakaa. Waziri mwenyewe alifurahi. Alilitambua neno lake, akamgusa jirani yake kwa kiwiko na kuanza kupiga makofi, na kwa kuwa Waziri amepiga, ukumbi mzima ukapiga.

"Bweni letu linaitwa Amani," aliendelea Semeni makofi yalipotulia. "Lina mlango mmoja. Tukishaingia kulala, hufungwa kwa kufuli kwa nje, na mwenye ufunguo huenda anakotaka. Mwezi uliopita bweni liliwaka moto. Si joto, Mheshimiwa. Joto halili godoro. Tulikuwa ndani tukipiga mlango, na mlango haukuwa na masikio. Tuliokolewa na watu waliokuwa wakienda kupalilia mihogo. Kama siku ile wangechelewa kunywa chai yao, leo ungekuwa umekuja kutuzika, na hotuba yako ingekuwa tayari."

Waziri alikuwa ameinua mikono apige makofi tena, lakini ilibaki hewani, haikujua pa kwenda.

Mwalimu Ponsiano akamkonyeza fundi mitambo. Kipaza sauti kikakata. Semeni akashusha sauti tumboni kama alivyofunzwa na wizara, akasikika mpaka getini.

"Kufuli lilivunjwa kwa mashoka. Mkaleta jingine, gumu zaidi. Kwa hiyo mlifika, mkaona, mkafikiri, na mlichokifikiria ni shoka lishindwe. Anzameni, simama watu wakuone." Anzameni akasimama na bendeji zake. "Huyu ndiye fahari ya bweni letu. Mimi sina ombi kubwa. Sitaki bweni jipya, sitaki feni. Kufuli litolewe leo, kabla hatujalala."

Kengele ikalia. Hakuna aliyepiga makofi, isipokuwa nyuma kabisa, kwenye viti vya wasichana wa bweni la Amani, ambao walipiga mpaka walimu wakapita safu kwa safu kuwashika mikono.

*

Kamati ya Nidhamu ya Ulimi iliketi kesho yake. Ndugu Shuwa, aliyekuwa amekonda ghafla ndani ya suti, ndiye aliyesoma mashtaka.

"Kosa la kwanza. Mshtakiwa alipewa dakika tano akazitumia zote. La pili. Katika hotuba yake lilipatikana jambo. La tatu. Alimtazama Mheshimiwa usoni bila kibali. La nne, aliruka itifaki."

"Hilo la nne si langu," alisema Semeni. "Yale maneno ni ya Mheshimiwa. Kamati ikiona ni kosa, iandike na jina la aliyeanza."

Wajumbe walikohoa kwa mpangilio wa vyeo. Kosa la nne likafutwa. Wakaulizana adhabu, na hapo pakawa na ugumu, maana wageni wale wa kutoka nje walikuwa wamesikia kisa na kuuliza. Kumfukuza tu kungeonekana vibaya. Ikaamuliwa aombe radhi mbele ya shule nzima, Waziri akiwepo, na Redio ya Taifa irushe moja kwa moja, ili wageni wasikie jinsi vijana wa Sawasawa walivyo huru kujikosoa. Akisoma radhi, atafanya mtihani. Asiposoma, ataondoka siku hiyo hiyo na sanduku lake.

Radhi yenyewe ililetwa ndani ya bahasha, kama mawazo mengine. Ilisema: "Mimi, Semeni Chilumba, niliingiwa na moshi kichwani. Mlango wa bweni letu haujapata kufungwa. Joto lilikuwa la kawaida kwa msimu. Naomba radhi kwa Mheshimiwa, kwa wizara, na kwa kufuli."

Mwalimu Ponsiano alimwita ofisini akamkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Mwanangu, radhi ni pumzi tu, inatoka inapotea. Mimi nimeshaomba radhi kwa makosa ambayo hata sikuyaelewa, na unaniona, nimenenepa."

"Na kufuli, mwalimu?"

"Litabaki."

"Nikiomba radhi halitoki hata baadaye?"

"Utasema redioni kwamba mlango haujapata kufungwa. Sasa nani atakuja kutoa kufuli la mlango usiofungwa?" Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kujumlisha. "Kitu kisichokuwepo hakitolewi, mwanangu. Ndio utaratibu."

Semeni akaitazama ile karatasi. Hawakutaka radhi. Walitaka kufuli la pili, la maneno, na walitaka alifunge yeye kwa mkono wake, wenzake wakiwa ndani.

"Unanielewa?" aliuliza Mwalimu Ponsiano.

"Nimekuelewa vizuri sana, mwalimu. Shikamoo." Akatoka.

*

Shule ilipangwa mstarini asubuhi. Jukwaa lilipambwa kwa vitambaa vya rangi za taifa, na mtangazaji wa Redio ya Taifa aliwaambia wasikilizaji kwamba hali ya hewa ni nzuri na msichana amejutia. Ndugu Shuwa alisoma itifaki yote mwenyewe, polepole, bila kumruka mtu, mpaka wasichana wawili wakaanguka kwa jua wakabebwa. Kisha akamkabidhi Semeni kipaza sauti na kumnong'oneza, "Soma kama ilivyo, binti. Usiongeze hata nukta."

Semeni alikishika. Sanduku lake lilikuwa tayari getini, amelifunga mwenyewe alfajiri, mara tu walipofunguliwa. Mstari wa kidato cha nne ulikuwa mbele yake, na Anzameni alikuwa katikati, mikono imening'inia, nywele zimesukwa vizuri.

"Niliambiwa nije kuomba radhi," alisema. "Niliyoandikiwa nimeyasoma. Yanasema mlango wa bweni letu haujapata kufungwa."

Waziri akatikisa kichwa kukubali. Mtangazaji akasogea karibu.

"Jana tulifungiwa. Leo alfajiri tumefunguliwa na mtu aliye nje, alipojisikia kuamka. Jioni tutafungiwa tena, nina maana wenzangu, mimi sitakuwepo. Wazazi mnaosikiliza, watoto wenu wanalala ndani ya kufuli, na aliyelinunua amekaa hapa mbele yangu amevaa maua."

"Zima," alisema Waziri. Fundi wa shule akazima. Lakini chombo cha redio si cha shule, na mtangazaji, ambaye tangu aajiriwe hajapata kusikia neno ambalo halijaozea mdomoni mwa mtu, alikuwa amekishika kwa mikono miwili bila kujua, na matangazo yakaendelea.

"Radhi, binti," alisihi Ndugu Shuwa, kitambaa kimelowa. "Neno moja tu, twende nyumbani. Sema radhi."

Semeni aliikunja karatasi akamrudishia.

"Sikuwakosea," alisema. "Nimesema kweli na nimeisema kwa Kiswahili safi. Siombi radhi kwa Waziri, siombi kwa wizara, siombi kwa kufuli. Mnifukuze au mnibakize. Siombi radhi."